Eti mlango mpana, machela inapita!

Wadau, nimetoka sasa hivi ofisini kwa yule kijana anayeuza nyumba za wastaafu. Mnamjua. Yule wa viatu vya ncha kama mkuki, manukato yanakupokea ukiwa bado kwenye lifti. Mikono inanitetemeka, herufi zikikosewa mnisamehe.

Nimepanda matatu kutoka Kayole na suti ya harusi, nikaulizie bangalo Malindi. Vyumba viwili, baraza mbele, kwenye picha minazi mitatu. Mke wangu ashachagua pazia. Kijana anasifu upepo wa kusi, anasifu bahari, mimi naitikia kama zuzu. Mara ananitazama kuanzia kiatu hadi upara: "Na hapa mzee hakuna ngazi. Milango tumeipanua, hata machela inapita."

Machela!

Nina miaka 57. Serikali yenyewe inanivumilia hadi 60, yeye ashanilaza. Nimeuliza bafu liko wapi, sikuuliza maiti hutokea wapi! Nikamwambia mimi nina kochi. Akacheka: "Kochi pia litapita." PIA. Yaani machela kwanza.

Ofisi nzima imesikia. Mama wa chai ameshusha birika.

MamaWaUmoja: Pole baba. Lakini walijaribu, ikapita kweli?

KinyoziBurma: Suti ya harusi ya mwaka gani? Pengine kijana ameiona suti akajua safari iko karibu.

Mwenye uzi: Mambo ya suti sijibu.

Mstaafu_Mtwapa: Shukuru kwa machela. Mimi nilihamia huku, mabati mapya yashaliwa na chumvi. Maji ya kisima ukipikia chai unapata mchuzi. Na kunguru hakuna aliyenitajia! Ameingia jikoni, kaondoka na hamri, akarudia mbaazi.

Abiria_wa_Pili: Kunguru afadhali. Treni ya Madaraka kutoka Nairobi inakushusha Miritini, kituo cha Mombasa, usiku, na kutoka hapo Malindi bado zaidi ya kilomita 100. Mgongo wangu hadi leo.

MamaWaUmoja: Wewe umefika Miritini. Mimi hata Syokimau, kituo cha kupandia Nairobi, sikufika, foleni ya Mombasa Road ilinila nikiona treni inaondoka.

Mwenye uzi: Jamani, tulikuwa kwenye machela.

KinyoziBurma: Ngoja kwanza mzee. @Mstaafu_Mtwapa, huyo kunguru alirudia mbaazi kweli?

Mstaafu_Mtwapa: Akaja na shemeji yake.

KinyoziBurma: Zilikuwa za nazi?