Mrejesho: Mimi na mume wangu tumeanza kupata watu hapa Fukuoka

Habari zenu wapendwa. Niliomba ushauri kuhusu upweke wetu hapa Japani: mume wangu anarudi kutoka kazini usiku, mimi nashinda ndani, na majirani salamu zao ni kuinamisha kichwa wakapita. Wengi mlisema tujiunge na chonaikai, chama cha wakazi wa mtaa. Dada aliyesisitiza zaidi, Mungu akubariki.

Tumejiunga. Siku ya usafi tulitoka wote wawili na glavu, tukang'oa magugu na kuzibua mifereji pamoja na wazee wa mtaa, na hapo ndipo walipoanza kutuita kwa majina. Sasa hata kairanban, jalada la matangazo linalopita nyumba hadi nyumba, linatufikia. Mama wa jirani akilileta anabonyeza kengele tuongee kidogo. Agosti alinifundisha kucheza Bon Odori, ngoma ya mduara ya msimu wa kuwakumbuka waliotangulia. Baridi ilipoingia nikampelekea maandazi, naye akarudisha chombo kimejaa machenza. Nilijisikia niko Tanga kabisa!

Kutembeleana bila taarifa sahauni. Watu wanapanga mapema, mnakutana mgahawani, na mara nyingi kila mtu analipia chake. Mume wangu jambo hilo bado linamuuma. Mimi naona linatupunguzia mzigo.

Kijapani tunajifunza kwa walimu wa kujitolea. Mwenye mtoto shule ya msingi huku, naomba aniambie: wazazi wanakutana wapi?