Kumuomba Mungu jambo lilelile kila siku ni kukosa imani?

Mama_Turiani
Shikamooni wakubwa, wengine habarini. Naomba ushauri, wenye dhihaka mpite kimya.

Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu wa shule binafsi. Mahakama ya mwanzo iliniteua msimamizi wa mirathi, nikapeleka kila kitu kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii aliokuwa anachangia, kudai mafao yake: cheti cha kifo, barua ya mahakama, muhtasari wa kikao cha ukoo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Tangu kabla ya vuli naambiwa "faili linashughulikiwa", "mtandao uko chini leo mama", "nenda tu, tutakupigia". Hawajapiga. Nauli ya kwenda Morogoro mjini nakopa kwa jirani muuza dagaa, na siku hizi akiniona natokea anaanza kupanga mafungu upya ili tusitazamane.

Sasa kanisani mtumishi katufundisha kwamba jambo linaombwa mara moja kwa imani, kisha unashukuru. Ukirudia, ombi la pili limefuta la kwanza. Mimi kila alfajiri naomba hilohilo. Mama mkwe naye anasema nikizidi kwenda ofisini watanichoka, faili walifukie chini ya mengine. Nitulie nishukuru, au niendelee?

Jembe_la_Mkono
Pole sana dada. Mtumishi hajakosea. Mathayo 6:7, Yesu anakataza kupayuka-payuka. Ukishamkabidhi Mungu, muachie.

Shemasi_Mstaafu
Mkuu, usiishie mstari wa saba. Kinachokemewa pale ni kudhani wingi wa maneno ndio unaomfanya Mungu asikie. Geuza kurasa hadi Mathayo 26:44: Gethsemane, Yesu anaomba mara ya tatu "akisema maneno yale yale". Je, na yeye alifuta ombi la kwanza?

Halafu Luka 18. Mjane anamwendea hakimu asiyemcha Mungu wala kujali watu, na neno lake ni moja: "Nipatie haki." Hakimu anampa ili asimchoshe. Watu wanapopotea ni pale wanapomfanya Mungu ndiye hakimu yule, kwamba lazima umchoshe. Yesu anamaanisha kinyume: ikiwa hata dhalimu yule alitoa haki, sembuse Baba? Kwa hiyo omba kila alfajiri, mwanangu, na usijilaumu.

Ila sitakudanganya. Paulo aliomba mwiba wa mwilini mwake, yaani mateso yake, uondoke, mara tatu, akajibiwa kwamba neema inamtosha. Mwiba ulibaki. Anayekuhakikishia kwamba kung'ang'ania kunaleta kila kitu, muulize mwiba ule ulikwenda wapi.

Kisu_Butu
Maombi sawa, ila nchi hii bila kujuana na mtu ndani utazeeka kwenye benchi.

Pwani_Pangani
Naongezea upande wetu Waislamu. Katika Bukhari na Muslim imo hadithi kwamba mja hujibiwa maadamu hana haraka, haraka yenyewe ni kusema "nimeomba, sikujibiwa", akaacha. Na Nabii Zakaria katika Surat Maryam anaomba mtoto huku mifupa imedhoofika na kichwa kimejaa mvi, na bado anasema hajawahi kukosa bahati kwa kumwomba Mola wake.

Lakini dada, dua umwombe Mola, na faili umuulize mwenye faili. Huyo mama mkwe hapo ndipo simuungi mkono.

Mzee_wa_Masijala
Binti, nimefanya kazi masijala mpaka nimestaafu, nikueleze linavyokwenda. Ukija dirishani ukauliza kwa mdomo, ukajibiwa kwa mdomo, ndani ya faili hakuna kilichoongezeka. Barua ni kitu kingine. Ikipokelewa inapewa namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya faili, inafungwa kwenye faili, na faili linapelekwa kwa mtu ambaye atatakiwa kuandika amefanya nini. Anayeulizia kwa maandishi hafukiwi kirahisi, maana ameacha alama.

Kwa hiyo andika ukurasa mmoja tu. Taja tarehe uliyowasilisha, namba ya uanachama ya marehemu, na maswali mawili: faili liko kwa nani, na limekwama kwa kukosa nini? Usiombe huruma humo. Wakikaa kimya, barua inayofuata iende kwa meneja, ukinukuu ya kwanza. Baada ya hapo kuna mfumo wa serikali wa e-Mrejesho, unapokea malalamiko. Akitokea wa kukuomba "ya chai", piga 113 TAKUKURU. Na ulizia msaidizi wa kisheria wilayani kwako. Kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, huduma hiyo ni bure kwa asiye na uwezo.

Kisu Butu, kujuana kupo, sikatai. Lakini na mimi nimeona mafaili ya watu wasiojua mtu yakisogea kwa sababu ya barua.

Mama_Turiani
Asanteni sana, Shemasi umenitoa mzigo. Mzee, kuna binti wa dirishani aliwahi kuninong'oneza kwamba "kuna miezi haionekani". Sikumwelewa, nikaona aibu kuuliza.

Mzee_wa_Masijala
Ehee! Basi hapo ndipo penyewe. Huenda shule ilikuwa inamkata mshahara bila kupeleka michango. Omba taarifa ya michango yote, uilinganishe na hati zake za mshahara, miezi iliyopungua uiorodheshe kwenye barua. Kumdai mwajiri ni kazi ya mfuko, wasikurudishe wewe ukagombane na mwenye shule.

Mama_Turiani
Hati za mshahara ninazo, alikuwa anaziweka kwenye bahasha ndani ya sanduku la daftari zake. Nipeleke zenyewe?

Mzee_wa_Masijala
Hapana! Nakala. Barua nayo toa mbili, zote zigongwe muhuri wa "imepokelewa" na tarehe, moja urudi nayo. Wakisema muhuri umefungiwa kabatini, kaa usubiri mwenye ufunguo.

Jembe_la_Mkono
Kwenye Gethsemane hapo Shemasi umenishika. Dada, hiyo barua ukitaka kuchapiwa niandikie pembeni, nina kibanda cha steshenari karibu na stendi, hutalipa.