Naomba ushauri: gego la mama ling'olewe au mzizi utibiwe?

Habari zenu jamani. Mamangu yuko Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na gego lake la chini limetunga usaha. Ufizi umefura, hata chai ya moto hainyweki upande ule. Daktari alimpiga eksirei akasema mzizi unatibika: neva iliyooza itolewe, mifereji isafishwe na kuzibwa, kisha jino livishwe kofia. Antibayotiki peke yake hutuliza tu, maana uozo unabaki mle ndani. Mama anataka ling'olewe yaishe. Ana sukari, na foleni ya feri inamchosha. Mimi naona gego la kutafunia si la kutupwa hivi hivi. Nyinyi wenye wazazi wa sukari, mliamuaje? Na kliniki gani kisiwani hukubali kulipwa kidogo kidogo?