Naomba ushauri: nikisali, mawazo yanatangatanga

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Huwa naamka saa 11 alfajiri nisali rozari kabla watoto hawajaamka. Fumbo la kwanza, yaani sehemu ya kwanza ya rozari, natulia vizuri. Nikifika la pili, akili imeshakwenda kwenye marejesho ya vikoba na ada ya shule, mdomo unaendelea na Salamu Maria peke yake. Inaniumiza sana. Eliya alimsikia Mungu katika sauti ndogo ya utulivu (1 Wafalme 19:12), lakini ndani yangu ni kelele tupu. Nimejaribu kuzima simu na kuwasha mshumaa, inasaidia dakika chache tu. Padre mmoja alinishauri nilitaje jina la Yesu taratibu, nikifuata pumzi. Kuna aliyewahi kusali hivyo? Na mawazo yakija, mnayafukuza au mnayageuza kuwa maombi?