Tupeane uzoefu: Shule zilipofunguliwa wakati wa Korona, kitu gani kiliwalinda watoto kweli?

Mjumbe wa kamati (Mwanza)

Habari za wakati huu wakuu.

Kamati yetu ya shule imepewa kazi ya kuandika mpango wa afya wa dharura, utakaotumika likitokea gonjwa jingine la mlipuko. Kwetu hili liko karibu sana. Homa ya Marburg ilitangazwa Kagera Machi 2023, ikarudi Januari 2025, na kipindupindu hakuna mtu wa Kanda ya Ziwa asiyekijua. Nimesoma miongozo mingi na yote inakubaliana: wanafunzi wanawe mikono, wakae mbalimbali, wavae barakoa, wapimwe joto. Hakuna hata mmoja unaosema nani ajaze ndoo maji yakiisha saa nne asubuhi. Ndiyo maana nawauliza ninyi mliokuwepo, walimu, wazazi, matroni, walinzi wa getini. Tuambieni kilichofanyika shuleni kwenu na kilichokwama.

Nianze mimi. Shule zilifungwa Machi 17, 2020, siku moja tu baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa Arusha. Kidato cha sita na vyuo wakarudi Juni 1, sisi wa msingi Juni 29. Siku hiyo getini kulikuwa na ndoo nane za koki, mpya kabisa, wazazi tumechanga. Viongozi wakaja, wakanawa, wakapigwa picha, wakatusifu.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Mtoto akinawa vizuri kwenye koki anamaliza kama nusu lita. Ndoo ya lita 20 inanawisha watoto 40. Shule yetu ina watoto zaidi ya 1,200. Wakinawa mara nne tu kwa siku, asubuhi, wakitoka chooni, kabla ya uji na kabla ya kuondoka, hizo ni lita 2,400, yaani ndoo 120 kila siku. Bomba letu lilikuwa linatoka mara mbili kwa wiki. Ziwa tunaliona kwa macho.

Kwa hiyo ndoo zikawa zinakauka kabla ya mapumziko, na watoto wa darasa la kwanza na la pili, ambao huwa wa mwisho kwenye foleni, wanakuta koki inatoa upepo. Kilichotuokoa ni mambo mawili. La kwanza, tulikubaliana na muuza maji wa mkokoteni alete madumu kila asubuhi na saa tano, alipwe na kamati kila Ijumaa. La pili, tulihamisha ndoo tano kutoka getini tukazipeleka chooni. Getini mtoto ananawa mara moja tu kwa siku. Chooni ndiko anakochafuka, na huko hatukuwa tumeweka hata ndoo moja.

WHO na UNICEF walisema mwaka 2019 shule 43 kati ya kila 100 duniani hazikuwa na mahali pa msingi pa kunawa kwa maji na sabuni. Sisi tulikuwa humo. Karibuni.

Mwalimu wa Kilifi

Mjumbe, asante kwa kuanzisha. Huku Kenya ilikwenda kwa hatua. Julai 2020 marehemu George Magoha, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alitangaza kwamba mwaka ule wa masomo umepotea. Halafu Oktoba 12 wakaitwa Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne peke yao. Nitakwambia ukweli, ile miezi ndiyo mipango ilifanya kazi kama ilivyoandikwa. Madarasa matano matupu, watoto wa darasa moja wanagawanywa vyumba viwili, dawati moja mtoto mmoja, mita moja na nusu kati yao unaipima kwa kamba. Na walijifunza! Sijawahi kusahihisha madaftari nikamjua kila mtoto kama muhula ule.

Januari 4, 2021 wakarudi wote. Asubuhi hiyo nilikuwa na watoto zaidi ya themanini katika chumba kilichojengewa nusu yao. Ile kamba nikaikunja. Tulitoa madarasa matatu nje, chini ya miembe, ubao umeegemezwa kwenye shina. Watu walicheka masomo ya chini ya mti, lakini mimi nilikuwa na amani zaidi na wale wa nje kuliko waliobanana ndani. Jua ndilo lilitusumbua, kivuli kinahama, basi kila kipindi tunahamisha mikeka.

Kuhusu barakoa. Sheria ilikuwa mtoto asiye na barakoa haingii. Kilichotokea ni kwamba waliorudishwa nyumbani walikuwa ni wale wale, watoto wa familia zenye barakoa moja kwa ndugu watatu. Ndugu wa asubuhi akitoka anamvulia wa mchana. Na darasani wanabadilishana! Mmoja ana barakoa ya kitambaa chenye simba, kila mtu anataka kuivaa. Mwalimu mwenzangu mmoja wa kike ndiye aliyepata dawa yake. Alimleta fundi cherehani wa kijijini, leso kuukuu zikakusanywa kwa akina mama, zikafuliwa, zikashonwa, kila mtoto mbili, na kila moja ikadariziwa herufi za jina kwa uzi mwekundu pembeni. Kubadilishana kukakoma wiki ile ile, maana sasa ni kitu chake.

Matroni (shule ya bweni, Nyanda za Juu)

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba.

Mnazungumzia shule za kutwa. Njooni bwenini. Mtoto wa kutwa anaondoka saa tisa, wangu ninalala nao. Vitanda vya deka, kati ya kitanda na kitanda anapita mtu mmoja kwa ubavu. Hatukuwa na bweni la ziada. Tulichofanya ni kulaza kichwa na miguu: huyu kichwa upande wa dirisha, jirani yake kichwa upande wa ujia, ili pumzi zisielekeane. Hakikugharimu hata shilingi. Na madirisha tukayafungua usiku, kwa baridi ya huku, mpaka mkuu wa shule akakubali kuongeza mablanketi.

Chumba cha kutengea wagonjwa tulikipata kwa kuhamisha stoo ya michezo. Hapo nisemeeni kwenye mpango wenu: chumba bila mtu wa kukaa na mgonjwa ni adhabu. Msichana wa kwanza niliyempeleka mle alilia usiku kucha, asubuhi yake watatu wenye mafua wakaficha mafua yao. Ikabidi niweke kiti mlangoni, redio, chupa ya chai, na kuwaeleza wote mstarini kwamba atakayekwenda kule hatakosa chakula wala hatapoteza kitanda chake. Ndipo wakaanza kuja wenyewe.

Vipimajoto vile vya kuelekezea usoni: asubuhi ya baridi vinasoma 34, mchana mtoto aliyetoka kukimbia vinasoma 38. Msimrudishe mtoto nyumbani kwa kipimo kimoja. Akae kivulini robo saa, apimwe tena, kwapani ikiwezekana.

Jingine ninalolisema kwa msisitizo. Vitakasa mikono ni spiriti. Wapishi wetu walipaka, wakaenda moja kwa moja kuchochea kuni. Mmoja aliungua viganja. Jikoni ni maji na sabuni tu, vitakasa visivuke mlango wa jiko.

Mzazi wa Mbagala

Pole kwa mpishi wako matroni.

Mimi ni mzazi wa shule binafsi. Tulitozwa mchango wa Korona juu ya ada, tukaambiwa ni wa vifaa. Geti likawekwa kibanda cha kupulizia dawa, mtoto anapita ananyunyiziwa mwili mzima. Mwanangu akaja na macho mekundu. Nilipouliza niliambiwa ni kwa usalama wake. WHO walishasema tangu Mei 2020 kwamba kunyunyizia watu dawa hakufai kwa hali yoyote. Tulijikusanya wazazi, tukaandika barua, kibanda kikatolewa. Tafadhali liandikeni hilo wazi: dawa ni ya sakafu na madawati, si ya watoto.

Mwalimu wa afya (Dodoma)

Mzazi umesema kweli. Na hata kwa madawati, kipimo ni muhimu. Jiki ya dukani yenye nguvu ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu 34 za maji, inatosha kufutia madawati na vishikio vya milango. Nimeona wanaomwaga nusu chupa kwenye ndoo, darasa zima linakohoa, halafu tunasema Korona imeingia.

Mwalimu wa viziwi

Naomba tusisahauliwe. Kwa watoto wetu uso ni sehemu ya lugha. Nyusi, midomo, mashavu, vyote vinasema. Mwalimu akivaa barakoa amefunga mdomo wa ishara zake. Tulijaribu zenye plastiki mbele, zikajaa ukungu kwa dakika chache. Tukaishia kwenye ngao za uso, na kufundishia nje, mwalimu kasimama mbali. Miongozo iliyotufikia haikuwa na sentensi hata moja juu yao.

Mlezi wa Butembo

Jambo wandugu. Mimi niko Kivu ya Kaskazini, Kongo. Kwetu Korona ilikuta Ebola haijaisha: ilitangazwa Agosti 1, 2018, ikamalizika Juni 25, 2020. Kwa hiyo kunawa kwenye mlango wa masomo, kupimwa joto, kuacha kusalimiana kwa mkono, watoto walikuwa wameshazoea miaka miwili.

Lakini mwanzoni mwa Ebola haikuwa hivyo. Kile kipimo wazazi walikiona kama bunduki. Waliogopa mtoto akiwa na joto la malaria atabebwa kupelekwa kituo cha Ebola na hawatamuona tena. Matokeo yake, mtoto akiamka na homa hakuletwa masomoni, hakupelekwa hospitali, alifichwa. Kilichogeuza ni walimu kutembea nyumba kwa nyumba jioni, bila gari, bila watu wenye makoti, kukaa na mama na baba na kueleza hatua kwa hatua: akipatikana na joto tunakuita wewe kwanza, unakwenda naye wewe, hakuna anayemchukua bila wewe. Mjumbe, kabla ya kununua hata ndoo moja, andikeni hilo kwenye mpango wenu: nani atampigia mzazi, na mzazi ataambiwa nini.

Mjumbe wa kamati (Mwanza)

Mlezi wa Butembo, hili linaingia kwenye rasimu leo leo. Sisi hatukuwa hata na orodha kamili ya namba za simu za wazazi.

Mama wa watoto wawili (Leicester, Uingereza)

Hodi jamvini. Huku wanafunzi wote walirudi Machi 8, 2021, na wa sekondari wakawa wanajipima nyumbani mara mbili kwa wiki, kijiti puani, majibu baada ya nusu saa. Pesa ilikuwepo, vipimo bure. Lakini hata na pesa yote hiyo, mwaka mzima wa kwanza walihangaika kufuta meza, wakati ugonjwa unasafiri kwa hewa. Baadaye, msimu wa masomo ulioanza Septemba 2021, ndipo serikali ikaanza kugawa vifaa vya kupima hewa ukaa madarasani, mwalimu ajue lini afungue dirisha. Wanangu walisoma na makoti mwilini.

Nilikosoma mimi, Muheza, madirisha yalikuwa nondo tupu, upepo unapita moja kwa moja. Hiyo ni mali, muitunze. Nilipokuja likizo nilikuta madarasa mapya yana vioo visivyofunguka na mengine yamezibwa maboksi kuzuia jua.

Mwalimu wa zamu

Sabuni. Hakuna aliyetaja sabuni. Ukiweka kipande, asubuhi kipo, saa tatu kunguru kaondoka nacho. Huku pwani kunguru wanaimaliza kabla ya watoto.

Mwalimu wa afya (Dodoma)

Mwalimu, achana na vipande. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, tia sabuni ya unga kidogo, jaza maji, tikisa, toboa kizibo kwa sindano. Mtoto anabinya, linatoka tone la kutosha. Pakiti moja inakwenda mbali sana, na hakuna kunguru wala mtu anayeiba maji ya sabuni.

Na kwa wenye shida ya maji kama mjumbe, jengeni vibuyu chirizi, yaani madumu ya kunawia yanayoning'inizwa na kuinamishwa kwa mguu. Kimoja kinatoa uzi mwembamba wa maji, hakifiki popote karibu na ile nusu lita ya koki, na mtoto hagusi chochote kwa mkono, anakanyaga tu.

Mjumbe wa kamati (Mwanza)

Tulijenga viwili, maji yakawa yanamwagika yenyewe hata hakuna aliyekanyaga. Tundu mnatoboa wapi?

Mwalimu wa afya (Dodoma)

Mlitoboa chini, mkuu. Dumu la lita tano, tundu liwe juu, upande wa mbele ulio mkabala na mkono wa dumu, kwa msumari uliopashwa moto. Likiwa limetulia, maji yawe chini ya tundu. Fimbo ya kuning'inizia inapita kwenye mkono wa dumu na kulala juu ya nguzo mbili zenye panda. Kamba ya kukanyagia ifungwe shingoni karibu na kizibo, ishuke mpaka kwenye kijiti cha mguu, ili mtoto akikanyaga dumu liiname mbele. Chini yake chimbeni shimo la kina cha kiganja, mjaze kokoto, pasiwe na tope wala mbu. Jengeni karibu na choo cha wasichana na cha wavulana, na kimoja kifupi cha awali, kimo cha kiuno cha mtoto wa miaka mitano. Darasa la sita wanaweza kujenga vyote kipindi cha kazi za mikono. Nikipata mtandao mzuri jioni nitaweka picha ya vile vyetu.