Tupeane uzoefu: antena ya kwenye bodi ilikutesa vipi?

Mleta uzi, Newala
Wakuu habari za korosho. Leo tuache mnada kidogo, kila mtu aseme antena ilimuaibisha wapi, naanza mimi. Msimu uliopita nilitengeneza kidude cha kupima unyevu ghalani, ndani moduli ya ESP32 (kichipu chenye waifai), ile yenye antena imechorwa zigizaga kwenye ncha. Nikaiweka katikati ya bodi maana ilipendeza macho, chini yake nikajaza kopa ya graundi yote (shaba iliyoungwa upande wa hasi) nikijua ndo usalama. Nyumbani waifai freshi, ghalani hatua saba tu kutoka mlangoni kimya. Nikalaumu mabati, nikalaumu magunia, kumbe mchawi ni mimi, ile ncha haitaki kopa chini yake wala ubavuni, inatakiwa ikae ukingoni itokeze nje. Nikachukua msumeno wa chuma nikakata bodi pale chini ya ncha, vumbi la faiba likaniwasha mikono mpaka usiku, ila ikafika mpaka kwenye mizani, hatua arobaini. Haya, wengine.

Mchumvi, Lindi
Hahaha msumeno tena mkuu! Yangu ni ya pampu kwenye mashamba ya chumvi, 433 MHz. Nilikata waya sm 17.3, robo ya wimbi kamili, nikapima mezani na nanoVNA, kimashine cha kupimia antena, bonde la grafu (masafa antena inapofanya kazi vizuri) limekaa palepale 433, nikatamba. Kuufunga kwenye boksi la plastiki na betri ubavuni, bonde limehamia 410. Plastiki na vyuma vya karibu vinavuta masafa kushuka, sikujua. Nikawa napunguza milimita mbili mbili, nafunga boksi, napima, nafungua tena, siku nzima, waya ukaishia sm 16 na ushee. Siku hizi sikati kitu mpaka boksi liwe limefungwa na betri iko ndani.

Dada Solda, Mtwara mjini
Mimi nilikopi kila kitu kwenye mchoro wa mtengenezaji wa chipu, koili na kapasita za kulinganisha antena na redio thamani zilezile, halafu nikaenda kuchapa bodi ya leya mbili za shaba, unene milimita 1.6, wakati mchoro wao ulikuwa wa leya nne. Njia ya kwenda antenani kwao nyembamba kama uzi, na kwangu nikaiacha hivyohivyo, wakati kwenye bodi yangu ili njia ipate ohm 50 zinazotakiwa unahitaji upana kama milimita 3 hivi, labda uisogezee graundi pembeni ndo unaweza kupunguza. Nikabadilisha kapasita wiki nzima, zile ndogo za 0402 ukipiga chafya imekwenda. Na kosa la pili, nilikalibreti nanoVNA (kuiweka sawa kabla ya kupima) kwenye mdomo wa mashine halafu ndo nikaunga kipande cha kebo, kwa hiyo nilikuwa nalinganisha kebo, si antena! Mchoro wa duara wa kwenye mashine (Smith chart) unazunguka kama konokono nami nashangaa.

Mleta uzi
Dada sasa ulitokaje hapo?

Dada Solda
Kaka, nikakalibreti upya mwisho wa kebo, kwa vile vipande vyake vya wazi, shoti na lodi ya ohm 50. Pale pa vipande vitatu vya kulinganisha antena nikaweka ohm 0 katikati, viwili vya kwenda graundi nikaviacha tupu, nikapima antena peke yake ndo nikachagua. Nilitaka S11, kipimo cha kinachorudishwa na antena, ishuke chini ya -10 dB, hapo nguvu inayorudi ni moja ya kumi tu. Nilipata -14 nikalala.

Baharia wa Mikindani
Yangu fupi. Kifaa cha kwenye mtumbwi, nikaogopa maji ya chumvi nikamwagia bodi nzima epoksi, antena na yenyewe imo. Masafa yakashuka, ikawa inasikika ukiishika mkononi tu. Epoksi haibanduki jamani. Iko dirishani inazuia karatasi zisipeperuke.

Mchumvi, Lindi
Pole baharia. Halafu mwenye lodi ya ohm 50 ya ziada anijuze, yangu mjukuu kaitupia kwenye ndoo ya chumvi na imeshaota kutu ya kijani.