Mjadala: Vyuo vikuu vijenge jengo la afya na ustawi wa wanafunzi, au viajiri kwanza washauri nasaha?

Mleta Mada
Naomba tulijadili jambo hili kwa uzito wake. Pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mabweni ya Magufuli yalifunguliwa mwaka 2017 kwa ajili ya wanafunzi 3,840, na maktaba mpya ikafuata mwaka 2018. Naona sasa ni zamu ya afya: vyuo vyetu vijenge jengo ambamo zahanati, ushauri nasaha na huduma ya afya ya akili vitakaa pamoja, ili mwanafunzi mgonjwa asizungushwe ofisi hadi ofisi.

Mzee wa Bwaloni
Sisi tuliosoma Mlimani miaka ya 1980 hatukuwa na jengo la namna hiyo na tulihitimu salama. Kijana wa leo akipata sapu moja tu, yaani mtihani mmoja wa marudio, anasema ana msongo wa mawazo. Fedha za maabara zitatoka wapi?

Binti Mwaka wa Tatu
Shikamoo mzee. Hilo la sapu limeniuma. Wakati wenu Serikali iliwalipia chakula na malazi. Uchangiaji wa gharama ulikuja miaka ya 1990, na Bodi ya Mikopo ikaanza kazi mwaka 2005. Sisi bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likichelewa tunakula mlo mmoja, usiku tunabebana wawili kitanda kimoja, na bado tunawaza kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, kwa sababu mtoto wa mkulima akidisko anarudi kijijini na deni la mkopo mgongoni. Huo si udhaifu.

Mzee wa Bwaloni
Marahaba binti. Hata hivyo, usidhani tulilelewa kama mayai. Mwaka 1990 chuo kilifungwa kwa sababu ya mgomo, na wadogo zetu wakarudishwa makwao bila kujua hatima yao.

Muuguzi wa Zahanati
Wazee wangu na wadogo zangu, mnashindana nani aliteseka zaidi, na wagonjwa tumewasahau. Ninahudumu katika chuo ambacho sitakitaja. Mshauri nasaha ni mmoja, naye huyo huyo ndiye mlezi wa bweni, na mlango wake unatazamana na benchi wanaposubiri wanaosaini fomu za mkopo. Nimemshuhudia kijana akifika mlangoni, mwenzake akamwita kutoka kwenye benchi, naye akageuka na kusema alikuwa anatafuta dawa ya kichwa. Ndiyo maana ninalitaka jengo, lenye mlango usiotazamwa na watu. Lakini nitalipinga kwa nguvu zote iwapo bajeti yake haitaonyesha mishahara ya washauri watakaokuwamo usiku na siku za mapumziko.

Mhasibu Mstaafu
Ninarudi kwa binti. Bumu halikubaki palepale: mwaka 2022 fedha ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku.

Binti Mwaka wa Tatu
Ni kweli, mzee wangu, na tulishukuru. Ila kwa anayepanga nje ya chuo, 10,000 hiyo hiyo ndiyo chakula na ndiyo kodi ya chumba, na bima ya afya tunadaiwa mwanzoni mwa mwaka, kabla bumu halijaingia. Dada muuguzi, hapo kwenu asiyekuwa na kadi ya bima anaruhusiwa kumwona mshauri?

Muuguzi wa Zahanati
Anaruhusiwa, mdogo wangu, bila kulipa chochote. Tatizo ni kwamba hakuna tangazo lolote ukutani linalomwambia hivyo, na wengi huishia dirisha la mapokezi wanapoulizwa kadi.